Aliyemaliza kifungo chake asizuiwe kumwona mwanawe gerezani

Bwana Mhariri,

Ninakuandikia kuomba jambo moja ambalo halihitaji jengo jipya wala fedha nyingi za serikali. Ninaomba magereza ya jimbo letu la Haut-Katanga, na ikiwezekana ya nchi nzima ya Kongo (DRC), yawe na kanuni moja iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni, inayoeleza ni wakati gani mtu aliyewahi kuhukumiwa anaweza kumtembelea ndugu yake aliyefungwa, ni nani mwenye mamlaka ya kumkubali au kumkataa, na atajibiwa katika muda gani. Pale tunapokwenda sisi sijaona karatasi ya namna hiyo ukutani. Aliyepo ni mlinzi wa zamu, na neno lake linabadilika kadiri zamu zinavyobadilika.

Jambo hili linaigusa nyumba yangu, kwa hiyo nalieleza jinsi lilivyo. Baba watoto alifungwa zamani kwa wizi wa nyaya za shaba. Alihukumiwa, akamaliza kifungo chake chote bila kupunguziwa, akarudi kwetu Katuba, akaanza kazi ya kuchomelea milango na madirisha ya chuma, na kwa kazi hiyo amesomesha watoto wetu hadi leo. Sasa kijana wetu wa pili amekamatwa. Faili yake haijafika mbele ya mahakama, kwa hiyo mbele ya sheria bado hana hatia, kwa maana ibara ya 17 ya Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba kila mshitakiwa huhesabiwa kuwa hana kosa hadi hukumu ya mwisho itolewe. Mimi mama yake ninaruhusiwa kumwona. Baba yake anazuiwa, na hazuiwi kwa barua ya hakimu wala kwa uamuzi wa mkurugenzi wa gereza ambao tungeweza kuusoma na kuujibu. Anazuiwa mlangoni, kwa mdomo, kwa sababu aliwahi kuwa mfungwa.

Sitalitaja gereza lenyewe, maana sitaki barua hii imwangukie mtoto aliye mikononi mwa watu wale wale. Nitaeleza tu jinsi mambo yanavyopita pale mezani. Mwenye kuleta chakula anafunua sufuria, na mlinzi anachoma bukari, yaani ugali, kwa kipande cha waya, upande huu na upande ule, kutafuta kama kuna kitu kimefichwa ndani; waya ule ule unakoroga sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, kisha unapanguswa kwa kitambaa na kungoja sufuria inayofuata. Baada ya hapo mgeni anatoa karte yake ya uchaguzi, na katika daftari kubwa wanaandika jina lake, nambari ya karte, jina la mfungwa na uhusiano wao. Siku hiyo mlinzi alikuwa amekwisha kuandika neno "baba" alipoinua macho, akamtazama mume wangu vizuri, akamuuliza kama si yeye aliyekaa zamani katika pavilioni fulani, yaani jengo fulani la wafungwa. Mume wangu alijibu kwamba ndiye. Mlinzi akachukua rula, akaukata kwa biki mstari wote wenye jina lake, polepole na kwa unadhifu, akasema: "Mzee, wewe humu uliingia kwa mlango mwingine. Mlango wa wageni si wako." Nilikuwa nyuma yake na sufuria mkononi. Chakula kiliingia, mimi nikaingia, yeye akabaki nje kwenye jua pamoja na wauza maji.

Tulipouliza ni kanuni gani inayosema hivyo, hatukuonyeshwa kitu. Siku nyingine tulikuta zamu nyingine, naye akapita bila swali lolote. Tuliporudi tena alizuiwa kama mwanzo, na mtu aliyesimama karibu na mlango akatunong'oneza kwamba jambo hilo linaweza kutengenezwa tukiwa na makuta kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa shida iko wapi. Kama sababu ya kumzuia ingekuwa usalama wa gereza, basi usalama huo usingekuwa wa Jumatano tu na kukosekana Jumapili, wala usingeondoka kwa noti chache za franka. Kanuni isiyoandikwa inageuka kuwa bidhaa, na wanaoinunua ni wale wasio na mtu wa kuwatetea. Nani atamwendea mkubwa wa gereza kulalamika kwamba mfungwa wa zamani ameombwa fedha? Watamuuliza kwanza habari za kosa lake la zamani, na malalamiko yataishia hapo.

Nisieleweke vibaya juu ya walinzi. Wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa malipo madogo, wachache mbele ya umati mkubwa, na siku kitu kikitokea wao ndio wanaoulizwa wa kwanza. Mlinzi asiye na maandishi yoyote mkononi anajikinga kwa kukataa, kwa sababu kukataa hakujawahi kumfukuzisha mtu kazi. Kanuni ninayoiomba ingemlinda na yeye pia.

Ningependa wasomaji waelewe kile kinachopotea baba wa namna hii anapozuiwa. Kitu cha kwanza ni sahani. Kila mtu wa Lubumbashi mwenye ndugu gerezani anajua kwamba vungule, yaani ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, hautoshi kumweka mtu mzima katika afya, na kwamba anayeishi vizuri ndani ni yule anayeletewa chakula na jamaa zake. Mwanzo wa mwaka 2020 watu wengi walishtuka kusikia kwamba wafungwa walikuwa wanakufa katika gereza kuu la Makala, Kinshasa, kwa kukosa chakula na dawa. Katika nchi ambayo familia ndiyo jiko la gereza, kumpunguza mgeni mmoja ni kupunguza siku za kula. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha asubuhi, na siku za ziara mara nyingi ni siku za kazi. Baba yake ana nafasi ya kwenda wakati mimi niko darasani, lakini yeye ndiye asiyeruhusiwa.

Hata hivyo sahani ni jambo dogo kuliko lile la pili, na hili la pili nimeliona wachache wakilizungumza. Mtu aliyewahi kufungwa ndiye mgeni mwenye faida kubwa kuliko wote kwa kijana aliyeingia gerezani mara ya kwanza. Mimi ninaweza kumpelekea mwanangu sabuni, shuka na maombi. Siwezi kumweleza namna ya kuzungumza na kapita wa pavilioni, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, bila kumdharau na bila kujiuza kwake. Siwezi kumwonya juu ya deni la sigara linaloanza kama ukarimu wa rafiki na kuishia katika mapigano. Sijui ni nani ndani humo wa kumkwepa, ni maji gani ya kunywa, upele unaingiaje katika blanketi na unatokaje, kwa nini mtu asiweke alama ya kidole chini ya karatasi asiyoisoma, na kwa nini ni lazima akumbuke mwenyewe tarehe ya kupelekwa mbele ya hakimu, kwa kuwa akisahau yeye hakuna atakayemkumbusha. Baba yake anayajua haya yote, na aliyalipia kwa miaka ya maisha yake. Zaidi ya hayo, yeye ndiye ushahidi ulio hai kwamba mtu anaweza kutoka mle, akarudi katika mtaa ule ule ambako jina lake liliharibika, akashika kazi, akasalimiwa tena na majirani. Kijana wetu anapofikiri kwamba maisha yake yamekwisha, maneno yangu ya kumfariji anayasikia kama maneno ya mama. Maneno hayo hayo yakitoka kwa baba yake, anajua kwamba yamepimwa.

Kuna mtu atakayesema kwamba baba aliyefungwa hana la kumfundisha mtoto isipokuwa wizi. Nimeyasikia maneno hayo hata kanisani, na nayajibu kwa heshima. Mtoto huyu ameishi na baba yake nyumba moja miaka yote. Kama baba angekuwa hatari kwake, hatari hiyo isingengoja chumba cha wageni chenye mlinzi kando.

Sasa nije kwenye sheria, maana nisingependa ombi langu lionekane kuwa la huruma tu. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kwamba kila aliyefungwa anapaswa kutendewa kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, pamoja na heshima yake, na ibara hiyo hiyo inampa aliye mikononi mwa polisi haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake na avoka (wakili) wake. Ibara ya 40 inaiweka familia chini ya ulinzi wa mamlaka za umma. Sijaona mahali Katiba inaposema kwamba baba anaacha kuwa familia kwa sababu ya hukumu aliyokwisha kuimaliza. Magereza yetu yaliongozwa kwa miaka mingi na amri ya tarehe 17 Septemba 1965, na mwaka 2023 nchi ikapata sheria mpya ya kanuni za msingi za magereza. Ikiwa katika maandishi hayo, au katika kanuni za ndani za gereza lolote, kuna mstari unaomkataza mfungwa wa zamani kumwona mwanawe, basi tuonyeshwe mstari huo, tuusome, na avoka wetu aujibu. Tunachoomba ni sheria isomwe mahali ambapo wanaotawaliwa nayo wanaweza kuiona.

Kuna pia zile Kanuni za Mandela juu ya namna ya kuwatendea wafungwa, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha mwezi Desemba mwaka 2015. Nilizisoma kwa Kifaransa pamoja na avoka anayesaidia familia za wafungwa katika parokia yetu. Kanuni ya 58 inataka wafungwa waruhusiwe kuwasiliana na jamaa na marafiki zao kwa vipindi vya kawaida, kwa barua na kwa ziara, chini ya usimamizi unaohitajika. Kanuni ya 43 inasema kwamba hata mfungwa aliyevunja nidhamu hapaswi kuadhibiwa kwa kukatazwa kuwasiliana na familia. Mawasiliano yanaweza kupunguzwa kwa muda mfupi tu, tena pale usalama unapolazimisha kabisa. Nilisimama sana kwenye kanuni hii. Kama aliyekosea ndani ya gereza haruhusiwi kunyimwa familia yake, mwanangu ambaye hajakosea nidhamu yoyote ananyimwa baba yake kwa adhabu ya nani? Ile adhabu ya zamani ya mume wangu imeongezewa siku, na siku hizo anazitumikia mtoto. Kanuni ya 60 inalipa gereza haki ya kumpekua mgeni, mradi upekuzi usiwe wa kumdhalilisha, na asiyekubali kupekuliwa anaweza kukataliwa kuingia. Mume wangu hajawahi kukataa kupekuliwa. Anajua upekuzi kuliko wengi wetu.

Wengine watauliza kama kuna nchi yoyote inayowaruhusu watu kama hao kuingia. Zipo, na si zenye magereza mepesi. Mtoto wa dada yangu anayeishi Marekani alinitumia kanuni za magereza ya serikali kuu ya huko, na maneno yake ni ya wazi: kuwepo kwa hukumu ya jinai peke yake hakumzuii mtu kumtembelea mfungwa. Wafanyakazi wa gereza wanapaswa kutazama kosa lilikuwa la namna gani, makosa yalikuwa mangapi na ni ya zamani kiasi gani, kisha wayapime mambo hayo na usalama wa gereza, na inaweza kuhitajika idhini ya mkuu wa gereza mwenyewe. Mgeni anajaza fomu, anaulizwa kuhusu hukumu zake, na anayedanganya katika fomu hiyo anaweza kushitakiwa. Majimbo ya huko yana taratibu zao, na baadhi ni makali zaidi. Michigan, kwa mfano, iliwakataza wafungwa wa zamani kwa jumla, lakini ikawaachia nafasi wale walio wa familia ya karibu ya mfungwa, kwa idhini ya mkuu wa gereza; na Mahakama Kuu ya Marekani, ilipozikubali kanuni za Michigan mwaka 2003 katika kesi ya Overton dhidi ya Bazzetta, ilizikubali zikiwa na nafasi hiyo ndani yake. Kwa hiyo hata pale ambapo mlango ulifungwa kwa nguvu kiasi hicho, baba hakuhesabiwa sawa na mtu wa nje.

Jimbo jingine la huko, Minnesota, lilifanya hesabu. Mwaka 2011 idara ya magereza ya jimbo hilo ilitoa utafiti uliofuatilia wafungwa 16,420 walioachiliwa kati ya mwaka 2003 na 2007, ukaonyesha kwamba hatari ya kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa ilikuwa ndogo kwa asilimia 13 kwa wale waliotembelewa. Watafiti waliangalia pia ni mgeni gani anayesaidia zaidi, na miongoni mwa wenye faida kubwa walikuwemo ndugu wa kuzaliwa, wakwe, watu wa dini na akina baba. Najua Minnesota si Katuba, na gereza la huko lina chakula, vitanda na mafaili yaliyopangwa. Lakini moyo wa kijana anayemngoja baba yake sidhani kama unatofautiana sana kati ya hapa na huko.

Nazungumzia usalama kwa sababu hakuna mkaaji wa Lubumbashi anayeweza kuuchezea. Hatujasahau mwezi Septemba mwaka 2020, wakati maasi yalipozuka katika gereza la Kasapa, moto ukawashwa, na wanawake waliofungwa humo wakabakwa kwa siku kadhaa kabla ya utulivu kurudi. Hatujasahau Makala pia, tarehe 2 Septemba 2024, ambako kwa hesabu ya serikali yenyewe watu wasiopungua 129 walikufa katika jaribio la kutoroka, katika gereza lililojengwa kwa watu 1,500 na lililokuwa limejaa mara nyingi zaidi ya hapo. Ninayataja maafa haya kwa uchungu, na kwa sababu yanatufundisha mahali pa kuangalia. Msongamano, walinzi wachache na mafaili yasiyotembea ndiyo yaliyozungumzwa baada ya maafa hayo. Mzee mmoja mwenye sufuria ya bukari, aliyeandikwa daftarini kwa jina lake la kweli na kupekuliwa mbele ya watu, si yeye anayelifanya gereza lilipuke.

Nakubali kwamba wafungwa wa zamani hawako katika hali moja, na kanuni nzuri ingewatenganisha. Mtu aliyeshitakiwa katika faili moja na mfungwa anayetaka kumwona ana sababu ya kuzuiwa hadi uchunguzi umalizike, kwa maana wawili hao wanaweza kupatana maneno ya kusema mbele ya hakimu, na uamuzi huo uwe wa magistra, yaani ofisa wa sheria, mwenye faili. Hali kadhalika aliyekamatwa akipitisha simu au bangi gerezani hawezi kulalamika akifungiwa mlango kwa muda. Aliyetoka kwa masharti, kabla ya kumaliza kifungo, naye ana hali yake: sheria yetu ya jinai inaruhusu mfungwa aachiliwe hivyo akiwa amekwisha kutumikia robo ya adhabu yake, mradi amekaa zaidi ya miezi mitatu, na mtu huyo anapaswa kuomba idhini kabla ya kukaribia gereza ili asije akavunja sharti bila kujua. Lakini yule aliyemaliza yote, asiye na faili nyingine, anayetaka kumwona mtoto, mzazi, mke, mume au ndugu yake wa kuzaliwa, huyo apokelewe kama mgeni mwingine yeyote. Anayetaka kumkataa ndiye aandike sababu.

Kuna jambo jipya linaloifanya hali hii kuwa ngumu kuliko zamani. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa nchi, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, maelfu ya wafungwa walitoroka katika gereza la Munzenze, na mwezi Februari gereza la Bukavu nalo likabaki tupu. Tangu wakati huo naona kwamba kila anayekiri kuwa aliwahi kufungwa anatazamwa kama mtoro, hata hapa kusini, mbali na vita. Ndiyo maana nawasihi wenzangu ambao jamaa zao walitoka kwa njia halali: karatasi ile ya kuachiliwa, bilete mnayopewa siku ya kutoka, msiitupe wala kuiacha iliwe na panya katika sanduku. Itoeni kopi, moja ikae nyumbani na nyingine kwa avoka au kwa mtu wa parokia. Mume wangu bado anayo ya kwake, imechakaa mikunjo, na ni karatasi hiyo iliyozuia maneno yasizidi siku moja mlinzi alipomwuliza kama ametoroka mahali fulani.

Wako pia wanaotumia karte ya uchaguzi ya mtu mwingine ili wapite, au wanaojiandikisha kuwa wajomba huku wakiwa baba. Naelewa kinachowasukuma. Lakini siku jina la uongo likigunduliwa, mgeni anaweza kubaki ndani na mfungwa akaanza kutazamwa kama mwenye mpango wa kutoroka, na sisi sote tunaosema ukweli tunahesabiwa kuwa waongo. Afadhali kumwandikia mkurugenzi wa gereza barua fupi, yenye jina kamili, uhusiano, kosa la zamani, mwaka wa kutoka na kopi ya bilete, na kuomba ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kama faili ya mfungwa ingali kwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, kopi ya barua ipelekwe huko pia. Barua yenye muhuri haifungui mlango siku ile ile, lakini inamlazimisha mtu mwenye cheo kujua kwamba swali limeulizwa.

Ugumu unaongezeka kwa familia ambazo ndugu yao amepelekwa mbali. Kutoka hapa hadi Likasi ni kilometa zipatazo 120, na mtu mwenye ndugu katika gereza la Buluo analipa nauli, anabeba chakula, pengine na mtoto mgongoni, bila kujua kama akifika atakubaliwa. Kwa huyo, kukataliwa mlangoni ni hasara ya mwezi mzima. Kanuni ikibandikwa na majibu yakitolewa kwa maandishi kabla ya safari, angalau atajua abaki nyumbani au apande gari.

Namwomba basi Waziri wa Sheria, na kwa upande wake gavana wa jimbo na wakurugenzi wa magereza, watoe waraka wa ukurasa mmoja tu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Waraka huo useme kwamba hukumu ya zamani peke yake haimzuii mtu wa familia ya karibu kuingia. Kwamba mwenye mamlaka ya kukataa ni mkurugenzi au magistra mwenye faili, wala si mlinzi wa zamu. Kwamba anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya juma moja na kuambiwa pa kukata rufaa. Na kwamba kuingia hakulipiwi. Ubandikwe mahali ambapo hata mama anayesoma kwa shida anaweza kusomewa na jirani yake katika msitari. Wabunge wetu wa jimbo nao, ambao wana haki ya kuuliza maswali, waulize hili moja: ni watu wangapi waliozuiwa mlangoni mwaka huu kwa sababu ya hukumu ya zamani, na ni wapi palipoandikwa sababu zao?

Sisi tumekwisha kuandika barua yetu kwa mkurugenzi, imepigwa muhuri, na tunangoja jibu. Ziara ijayo mume wangu atakwenda tena pamoja nami, na karte yake, bilete yake na kopi ya barua mkononi, na atajiandikisha kwa jina lake na kwa neno "baba".

Mama wa familia, mwalimu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi